Ada nimelipa. Hizi hela nyingine zinatoka wapi?

Mkulima wa Mbozi: Habari za jioni wakuu. Binti yangu kapata chuo Dar, mwaka wa kwanza. Bodi ya Mikopo wamempa bumu, yaani hela ya kujikimu, na nusu ya ada. Nikauza kahawa, nikalipa nusu iliyobaki, nikajua nimemaliza. Kumbe! Hosteli kakosa, mwenye nyumba Changanyikeni anataka kodi ya miezi sita. Bado godoro, jiko la gesi, bima ya afya 50,400, kompyuta. Bumu lenyewe wiki ya nne hii halijaingia. Hivi kumsomesha mtoto mmoja mpaka avae joho ni shilingi ngapi? Nina wawili nyuma yake.

Kiraka: Mzee, ada ndiyo nafuu. Subiri fildi, yale mafunzo ya vitendo, apangiwe mkoa asiokuwa na ndugu hata mmoja. Bumu ni 10,000 kwa siku, humo humo ale, humo humo apange. Dar hii.

Mtumishi wa Chini: Na haiishii kwenye joho. Mimi nilisaini mkopo makato yakiwa asilimia 8 ya mshahara. 2016 sheria ikageuzwa, nikashtukia nakatwa 15. Juu yake ile asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo, mpaka Mama Samia alipoifuta 2021. Kuna miaka nilikuwa nakatwa kila mwezi na deni linanenepa.

Fundi Umeme: Miaka mitatu minne bila kipato hakuna anayeihesabu. Wangu alienda chuo cha ufundi, VETA, saa hizi ananitumia mimi hela.

Mzee wa Mlimani: Vijana mnalialia sana. Sisi miaka ya 80 tulifika Chuo Kikuu pale Mlimani na sanduku la bati na viatu jozi moja. Leo mtoto anasaini bumu Jumatatu, Ijumaa ana simu mpya na chipsi kuku mkononi.

Dada wa Geto: Shikamoo mzee wangu. Ulilipa shilingi ngapi? Ada serikali, chakula serikali, kitanda serikali, na kazi inakusubiri mlangoni. Habari za wanafunzi kuchangia gharama zimekuja miaka ya 90, nyie mmeshashiba mmenawa. Aliyekulipia ni babu yangu na pamba yake kule Maswa. Na simu yangu nimenunua kwa kusuka watu nywele, sio bumu.

Mzee wa Mlimani: Marahaba. Lakini bure nani kakwambia? Tulilipa kwa jasho! Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, mwaka mzima, kwa mujibu wa sheria. Nyie ilivyositishwa 1994 mkashangilia.

Kiraka: 1994 sisi hatujazaliwa mzee. Na ilirudi 2013.

Mzee wa Mlimani: Miezi mitatu? Hiyo ni pikiniki.

Afande Miezi Mitatu: Pikiniki?? Mzee njoo uamshwe alfajiri kwa filimbi, mchakamchaka, halafu jembe mpaka jua la utosi. Mimi nilirudi nyumbani mama akanipita stendi, hakunijua.

Dada wa Geto: Sasa na nyie mashujaa wote, mzee wa Mbozi mmemjibu nini?

Mkulima wa Mbozi: Asante mwanangu. Ila kwa kuwa mmefika JKT, nayo niiingize kwenye hesabu? Maana kabla ya chuo alienda, nikanunua raba, trakisuti, shuka mbili, bukta, na nauli ya kwenda na kurudi.

Kiraka: Ingiza. Bukta ulinunua bluu bahari?

Afande Miezi Mitatu: Bluu bahari ni shuka wewe! Bukta ni bluu iliyokolea, mfuko mmoja nyuma, isiwe na zipu, ifike magotini. Ulienda kambi gani?

Kiraka: Sikwenda.

Mzee wa Mlimani: Nilijua tu.

Dada wa Geto: Mzee wa Mbozi, itunze hiyo bukta, itamfaa mdogo wake.

Mkulima wa Mbozi: Mdogo wake kamzidi urefu. Na afande kasema ifike magotini.