Wakulima kushika serikali Marekani, ni kweli?

Korosho_Tandahimba: Wakuu, jana mnadani mzee mmoja anasema eti Marekani wakulima waliwahi kushika serikali ya jimbo wakafungua na benki yao, kweli au stori za kijiweni tu?

Wa_Newala: Kweli mkuu. Jimbo la North Dakota, umoja wa wakulima ulioitwa Nonpartisan League, ulianzishwa 1915. Mwanzilishi wake Townley, msoshalisti wa zamani, alisajili wanachama akizunguka mashambani na Ford, maana wanunuzi wa ngano walikuwa wanawapunja kwenye gredi (kangomba wa kule hao, yaani walanguzi). 1916 wakapata gavana, 1919 benki ya jimbo, ipo mpaka leo.

Chikongola: Ila haukuwa chama cha siasa hasa, walipenyeza wagombea kupitia chama cha Republican. Gavana Frazier aling'olewa kwa kura 1921, mwaka uliofuata akashinda useneta 😂

Korosho_Tandahimba: Duh! Sasa AMCOS zetu (vyama vya ushirika vya wakulima) zinangoja nini?