Mwizi wa mtaani tunamjua, sasa watu wanataka kummaliza. Ushauri wakuu

Mpangaji wa Kona:
Wakuu habari za muda huu. Naishi pembezoni mwa Dar, huku ambako nusu ya nyumba hazijapauliwa. Tangu mvua zianze wizi umepamba moto: mitungi ya gesi, mita za maji, nyaya, hadi geti la jirani liling'olewa usiku watu wamelala. Mimi wamenipitia na pampu ya kisima.

Mhusika anajulikana. Ni mtoto wa mama mmoja anayeuza vitumbua hapa hapa, mama wa watu hana neno na mtu. Dogo kamaliza la saba juzijuzi tu. Kutwa yuko kijiweni nyuma ya mashine ya kusaga, bangi nje nje, binti akipita hapo lazima atukanwe.

Alishakamatwa, baada ya siku mbili huyu hapa tunapishana naye njiani. Nilikwenda kituoni nikapewa RB, nikaambiwa kama nataka afuatwe basi mafuta ya gari niyatoe mimi. Nikarudi zangu.

Kilichonileta ni hiki: kwenye grupu la mtaa wameanza kusema akidakwa safari hii asifike kituoni. Mmoja kaandika "tairi lipo, petroli tutachanga", na watu wakamwekea dole gumba. Hasira naye ninazo, ila kumchoma mtoto wa mtu hapana. Nikifungua mdomo nitaonekana namtetea mwizi. Nifanyeje?

Ndezi Mjanja:
Pole mkuu. Huku kwetu wameiba mpaka mbwa wa ulinzi.

Mstaafu wa Zamu:
Nimevaa gwanda miaka mingi, sasa nalima mihogo, kwa hiyo naandika bila kumwogopa mtu.

RB ni namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo, basi. Peke yake haimfungi mtu. Nikuulize: dogo alipokamatwa, nani alikwenda kuandika maelezo? Naona jibu kabla hujaandika. Mtaa mzima unamjua, mpelelezi kabaki na mtuhumiwa asiye na mlalamikaji wala shahidi. Sheria inampa saa 24 amfikishe mahakamani au amwachie kwa dhamana, na kosa la wizi linadhaminika. Akitoka mnasema polisi wamekula. Kuna wanaokula, sikatai, nimefanya nao kazi. Ila majalada mengi niliyoona yanakufa yalikufa kwa njaa, ndani hamna karatasi.

Nenda tena. Beba risiti ya pampu au picha yake yenye namba, na mtu aliyemwona kwa macho yake, usimbebe aliyesikia kwa fulani. Ulizia jina la mpelelezi na namba ya jalada, uandike. Habari ya mafuta, usitoe. Mwone mkuu wa kituo, akikuzungusha panda kwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, na TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wapo kwa 113, kupiga ni bure.

Hilo grupu ndilo linalonitia hofu. Kuua kwa kukusudia adhabu yake ni kunyongwa, na anayechangia petroli yumo pamoja na aliyewasha kiberiti. Maandishi yale ni ushahidi mzuri kuliko mnaoutafuta wa pampu. Mpigie mwenyekiti wa serikali ya mtaa leo, ajue, na mkaguzi wa polisi wa kata ajue.

Mama wa Njia Panda:
Mwanangu, kwetu yalitokea. Mwizi kauawa alfajiri, saa tatu defenda za polisi zikaja, zikazoa kila mwanaume aliyekutwa barabarani, hadi aliyetoka kununua mkate. Waume zetu wakahamia kwa ndugu, sisi tukabaki na watoto na hao wezi wengine, maana hawakuisha. Yule aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote alihama kabla ya arobaini. Mama wa huyo aliyeuawa tunasali naye jumuiya moja. Mpaka leo hatutazamani machoni.

Chuma Chakavu:
Mnamlea mwizi. Panya Road walipokuwa wanakata watu mapanga mlikuwa mnaandika hivi hivi? Akiingia kwako usiku utamwomba namba ya jalada?

Mstaafu wa Zamu:
Akiingia kwangu nitamkamata, sheria inaniruhusu mimi raia, halafu bila kuchelewa namkabidhi polisi. Kumkamata na kumchoma ni vitu viwili, usivikoroge.

Jirani wa Kaskazini:
Nasoma kutoka Nairobi. Sisi tulianza Nyumba Kumi, majirani kulindana, 2013 baada ya shambulizi la kigaidi la Westgate, wazo tukaliazima kwenu na mabalozi wenu wa nyumba kumi. Kwingine inafanya kazi, kwingine ni mhuri tu. Lakini kuna jambo sijaona likiguswa: mita, geti, pampu, hivyo vitu haviliwi. Nani ananunua? Mwaka wa 2022 serikali yetu ilifunga biashara ya skrapu, vyuma chakavu, kwa miezi kadhaa baada ya minara ya umeme kuhujumiwa, kwa sababu walijua mwizi anafuata mzani. Anzeni na mnunuzi.

Mpangaji wa Kona:
Mkuu umenishtua. Mzani wa vyuma upo hatua chache tu kutoka hiyo mashine ya kusaga. Na aliyeandika habari ya tairi ndiye anashinda pale akipima. Labda nawaza sana.

Mstaafu wa Zamu:
Labda. Usiliandike grupuni hata kwa fumbo. Mwambie mpelelezi kwa mdomo, mkiwa wawili. Kupokea mali ya wizi ni kosa linalojitegemea. Na dogo akifa, hakuna wa kumtaja aliyemnunulia.

Wakili wa Kijiweni:
Naongeza moja. Kamaliza la saba juzijuzi, basi yuko chini ya miaka 18, na kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 huyo bado ni mtoto. Anashtakiwa, ila katika mahakama ya watoto, na afisa ustawi wa jamii lazima ahusike. Kamwone huyo afisa halmashauri, uende na mama yake. Mama akisikia habari ya tairi atakuwa wa kwanza kumpeleka kituoni kwa mkono wake.

Mpangaji wa Kona:
Jirani wa geti anakiri alimwona, alikuwa anaogopa kusema. Kesho asubuhi tunakwenda naye. Mwenyekiti kasema Jumapili anaita mkutano, mkaguzi wa kata atakuwepo. Mama wa dogo nitamfuata jioni hii kabla hajafunga biashara. Risiti ya pampu sijaipata.

Ndezi Mjanja:
Rudi duka ulilonunua. Kama walikupa ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, kumbukumbu ipo kwenye mashine yao.