Mgeni wa njiani akilishwa nyumbani kwa watu, aache pesa au asiache?

Suala hili nawaletea wenyeji wa Unguja na Pemba, na ndugu zetu wa Bara wanaoamka siku ya Ijumaa, wakatia nguo mbili kwenye begi na kupanda boti bila kujua watalala wapi. Mtu hana mwenyeji. Anaanza mazungumzo na aliyekaa naye kiti kimoja, boti inafunga gati bandari ya Mkoani, Pemba, wameshazoeana, na mchana yumo nyumbani kwa watu anakula. Anapoaga, aache pesa? Wako wanaosema kuondoka mikono mitupu ni kuwanyonya maskini. Wako wanaosema kuacha pesa ni kumvunjia mwenyeji heshima. Mimi niko na hawa wa pili, kwa sharti moja nitakalolieleza.

Kwetu ni Wete, Pemba. Mdogo wangu alirudi safari na vijana wawili wa Arusha aliokutana nao botini. Mama hakuuliza ni nani wala wamekuja kufanya nini. Alikuna nazi nyingine, akamtuma mtoto kwa jirani kuazima sinia kubwa. Wali ukaliwa kwa mchuzi wa pweza, wageni wakasimulia ya kwao, watu wakacheka mpaka alasiri. Wakati wa kuaga, mmoja akatoa noti ya elfu kumi akaiweka mkekani, pembeni ya sinia, kimya kimya. Mama akaitazama, akaifunika kwa kawa. Walipokwisha kutoka akaniuliza, "Kwani tumekuwa mkahawa?" Noti ile haikuingia jikoni, ilipelekwa chuoni, kwa watoto wanaosoma Kurani.

Simlaumu kijana yule. Aliona anatenda wema, na huko alikopita huenda ndivyo alivyofundishwa. Lakini pesa ya papo hapo inafunga hesabu: nimekula, nimelipa, kwaheri. Ukarimu wetu haufungwi siku ileile. Leo wewe uko kwangu, mwakani mwanangu anakwenda Arusha kutafuta chuo, hana anayemjua ila wewe. Hilo deni ndilo linalomfanya mtu apige simu sikukuu ya Idi kuuliza hali. Ukilimaliza mlangoni, urafiki umeumaliza nao.

Kuna la pili, na hili linanitia hofu zaidi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar yote. Mwaka 2024 watalii walioingia walizidi laki saba, na walio wengi huishia Unguja. Nendeni Mji Mkongwe muone: kijana akimwambia mgeni "karibu", mgeni anakaza mwendo, anadhani ni papasi, wale wanaowaganda wageni ili wapate chochote. Hata asiyetaka kitu haaminiki tena. Pemba bado mtu anaweza kusimamishwa njiani akaulizwa "umekula?" na swali likawa ni hilo tu. Noti za mkekani zikizoeleka, watakaokaribisha wageni watakuwa wale wanaozingojea, na wasiozitaka watafunga milango kwa haya.

Sharti langu ni hili: kazi ilipwe. Aliyekupeleka pwani ya Vumawimbi kwa pikipiki, aliyekuvusha kisiwa cha Misali akaacha madema yake ya kuvulia samaki siku nzima, mlipe, tena muulize bei kabla hamjaondoka. Kutembeza wageni ni kazi inayotambuliwa na Sheria ya Utalii ya 2009 na ina leseni yake. Usimmalizie mtu siku yake halafu ukamwita rafiki ili usimlipe. Huo ndio unyonyaji ninaoujua mimi.

Haya, semeni.

Mchangiaji wa Nungwi, Unguja:
Dada, umesema vizuri, lakini umesemea nyumba iliyokuwa na nazi ya pili ya kukuna. Huku kwetu samaki akishuka mnadani wanunuzi wa mahoteli wameshasimama. Mwanamke wa kijijini anabakiwa na vidagaa, au ananunua kwa bei ya mtalii. Nikimlisha mgeni, nimemlisha chakula cha kesho cha wanangu. Mama yangu naye angeikataa pesa mbele za watu, halafu jioni akaenda kukopa unga dukani. Hiyo heshima anailipia nani? Mgeni mwenye akili amfuate mama faragha, amtie mkononi, aseme "ya sabuni". Hapo hakuna aliyeaibika na chungu kimerudi jikoni.

Mchangiaji wa Dar es Salaam:
Mimi ndiye huyo wa begi la nguo mbili. Tatizo langu ni kwamba sijui nani kanikaribisha kwa moyo na nani anatarajia. Jambiani nilikula kwa watu, nikashukuru, nikaondoka kwa furaha. Siku chache baadaye mwenye nyumba akanitumia ujumbe kuniomba nimsaidie ada ya mtoto. Nikaona kumbe nilikuwa nawindwa tangu mwanzo, nikakata mawasiliano. Bora mtu aseme mapema.

Mwenye mada:
Wa Nungwi, hoja yako nzito na siikwepi. Bei ya samaki imepanda na wenyeji ndio wanaoumia. Lakini noti ya mgeni mmoja haiwezi kurekebisha kinachofanywa na mahoteli mnadani; hilo lina pa kupelekwa, na wanaokuja kuomba kura zetu waulizwe. Kwa mgeni mwenyewe, njia ipo: kabla hajafika nyumbani apite dukani. Mchele, sukari, mafuta, sabuni. Mfuko wa sukari unaingia jikoni moja kwa moja na haumtii mtu haya, kwa sababu hata jirani akija kuzuru huja nao. Na hiyo ya faragha, nakukubalia kwa upande wa watoto. Kumtunza mtoto wa watu tunafanya wenyewe kwa wenyewe. Nisichokubali ni malipo ya sahani.

Ndugu wa Dar, wewe nakupinga waziwazi. Aliyekuomba ada hakukuwinda. Kwetu mtu huombwa akishakuwa wa ndani. Mtalii wa kupita hatumwombi ada, tunamuuzia dafu. Ulikuwa na haki ya kumjibu "kwa sasa sina, Mungu atajaalia" na urafiki ukabaki palepale. Umekata mawasiliano na mtu kwa kuwa alikuhesabu ndugu. Bado namba unayo, mpigie.

Kwenye kulala mambo ni mengine. Mgeni akilala kwa mtu, sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, aarifiwe, wala hilo si la kumwonea mtu vibaya. Na mwenyeji anayechukua pesa kwa kila usiku ana nyumba ya wageni, afuate taratibu zake, asiite urafiki. Dada zangu mnaosafiri peke yenu, mwaliko wa kweli una mama ndani yake: ombeni kujulishwa kwa wanawake wa nyumba kwanza. Kijana anayetaka mwende kwake wawili tu, usiku, hajakualika chakula.

Nimebaki na swali kwa watu wa Makunduchi, maana katika hili mna uzoefu kutushinda. Mwaka Kogwa, sherehe yenu ya mwaka mpya, ikifika Julai, nyumba isiyo na mgeni hujihisi ina mkosi, na wasiojuana huingia wakala. Siku hizi watalii nao wamo. Je, wanaacha kitu? Anapokea nani? Na kama yupo aliyekataa pesa mgeni asione haya, atuandikie hapa alisema maneno gani.