Testi inafeli na jibu naliona liko sawa kabisa, 1.1 + 2.2

Wakuu habari za saa hizi, naombeni msaada. Nimeanza Python, ile lugha ya kuandikia programu, juzijuzi tu, nikaandika fankshoni ya kujumlisha namba mbili pamoja na testi yake ya kukagua jibu, nikiipa 2 na 3 inapita, nikiipa 1.1 na 2.2 inafeli, eti 3.3000000000000003 sio sawa na 3.3. Hiyo 3 ya mwisho imetoka wapi jamani? Nimefuta nikaandika upya mara tatu, wapi. Halafu 0.5 + 0.25 inapita vizuri, hapo ndo nimechanganyikiwa zaidi.

Jibu:
Kodi yako haina shida mkuu, usiifute tena. Floti ya Python, yaani namba yenye desimali, inakaa kwenye biti 64 (sifuri na moja 64), na sehemu ya desimali inajengwa kwa nusu, robo, moja ya nane, moja ya kumi na sita, hivyohivyo kushuka. 0.5 ni nusu na 0.25 ni robo, zinaenea bila kubaki kitu. Ila 1.1 huipati kwa vipande hivyo hata ushuke vipi, ni kama theluthi ukiiandika kwa desimali, 0.3333 haiishi, so inakatwa mahali na inawekwa namba ya jirani yake. Acha == (inayouliza kama viwili ni sawa kabisa), pima tofauti, abs inaondoa alama ya hasi:

abs(jibu - 3.3) < 0.000001

Jibu:
Naongezea, hiyo abs usije ukaisahau!! Mimi niliisahau wakati najifunza, fankshoni ilikuwa inarudisha 0 na testi zote zinapita, maana 0 kutoa 3.3 ni hasi na hasi siku zote iko chini ya 0.000001. Testi inayopitisha jibu bovu ni hatari kuliko inayofeli.

Muulizaji:
Imepita, asanteni sana! Sasa hiyo 0.000001 naitumia popote?

Jibu:
Hapana ndugu, kama namba zako zenyewe ni ndogo kama 0.0000002 kila kitu kitaonekana sawa. Tumia math.isclose, fankshoni iliyomo ndani ya Python, yenyewe inapima tofauti kulingana na ukubwa wa namba, ila ukilinganisha na 0 weka abs_tol (tofauti unayoiruhusu) mwenyewe, bila hivyo inakataa hata namba iliyokaribia sifuri kabisa. Na kama ni hesabu za pesa achana na floti, hesabu kwa senti, namba kamili, hapo == inafanya kazi.