Wanasaikolojia wa michezo wachanga: falsafa yako ya kazi uliipataje? Tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa tulioanza kazi karibuni. Msimamizi akikuuliza falsafa yako ya kazi, wengi tunataja nadharia: mimi wa Rogers (kumsikiliza mtu bila kumhukumu), mimi wa Ellis (kubishana na imani zisizo na mantiki zinazomuumiza mtu), basi. Lakini wanasaikolojia wa michezo Poczwardowski, Sherman na Ravizza walishaandika mwaka 2004 kwamba msingi ni imani na maadili yako mwenyewe; juu yake ndipo inakaa nadharia, kisha wajibu unaojipa, malengo, na mbinu mwishoni kabisa. Wewe ulishukaje hadi kwenye msingi? Simulia, ila mwanamichezo asitambulike.

Mchangiaji 1
Kwangu ilikuwa mkimbiaji mmoja. Kocha alitaka arudishiwe ari kabla ya mashindano. Binti mwenyewe akaniambia amechoka, hajui kama bado anaupenda mchezo. Fomu ya kupanga malengo ilikuwa mezani. Sikuigusa. Tulizungumza maisha yake mpaka muda ukaisha. Jioni nikaandika kwa hatua za Gibbs za kutafakari tukio: kilichotokea, nilichohisi, kilichofaa na kisichofaa, kwa nini, na nitakachofanya baadaye. Kwenye "kwa nini" nilikaa sana. Jibu halikutoka darasani: kwangu mtu hutangulia medali. Rogers nilimrudia baadaye, safari hii nikimwelewa.

Mchangiaji 2
Nakuunga mkono, ingawa mimi nimebaki kwa Ellis. Nikisikia "lazima nishinde, la sivyo mimi si kitu", siwezi kunyamaza. Naamini mtu huumizwa na imani hiyo kuliko na matokeo yenyewe. Msimamizi akaniuliza: na mchezaji aliyefiwa jana, utabishana naye pia? Swali lilinikesha. Tangu hapo naandika ninachoamini na mahali kinapoishia.

Mchangiaji 3
Daftari peke yake hukukubalia kila kitu. Sisi tunakutana wenzangu kadhaa, mmoja anasoma ukurasa wake, wengine kazi yao ni kuuliza tu. Na msisubiri jioni kila mara: tangu 1983 Schön, aliyeandika jinsi wataalamu wanavyotafakari kazi yao, alitenganisha kutafakari ukiwa ndani ya tendo na kutafakari baada yake. Huko ndani ndiko kugumu.

Mwanzisha uzi
Asanteni sana. Mchangiaji 1, kocha alipokuuliza mlichozungumza ulimjibuje?

Mchangiaji 1
Nilishamweleza mapema, kabla ya kikao chochote, kwamba atapata kile tu mchezaji atakachoridhia. Alinuna, lakini alikubali.