Tupeane uzoefu: CD ulizochoma mwenyewe unaziandikaje?

Mikindani (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Nina boksi zima la CD na DVD nilizochoma mwenyewe, kuanzia harusi ya dada mwaka 2008 mpaka siku mdogo wangu alipotolewa jandoni. Juzi nimetoa ile yenye sauti ya bibi akitutambia hadithi. Deki ikaganda katikati. Nikaishika dirishani nikaona mwanga unapenya kwenye herufi nilizoandika kwa biro, kama kitambaa kilichotobolewa sindano. Mkono wangu ndio ulioandika hivyo, na bibi ameshatangulia mbele za haki.

Ambazo bado zinasoma nataka kuzichoma upya na kuziandika vizuri. Mlitumia nini, na imedumu miaka mingapi? Semeni mliyoyaona kwenu.

Newala

Pole sana mkuu. Kwenye CD wengi tunalinda upande wa chini tu, ule unaong'aa, kumbe upande wa kuandikia ndio dhaifu. Plastiki yote, kama milimita 1.2, iko chini. Data na ile rangi ya fedha ziko juu kabisa, zimefunikwa kwa vanishi nyembamba tu. Biro inaichana.

Mimi nilipiga video za harusi na unyago kwa miaka mingi. Msimu wa korosho ukifika, pesa ikiingia vijijini, tulikuwa hatulali. Wateja walitaka picha ya bi harusi juu ya diski, nikawa nabandika stika za duara. Zilipendeza kweli. Huku juu Newala, kwenye baridi, zilikaa. Walioanza kurudisha ni wateja wa Mtwara mjini na Msimbati. Hewa ya bahari inavimbisha karatasi, ukingo unaachia, na ndani ya deki kuna joto. Mama mmoja stika ilimbandukia humo humo, fundi akafungua deki nzima kuitoa. Mwingine alijaribu kuibandua mwenyewe, rangi ya fedha ikatoka nayo. Akabaki na plastiki ya kuonea.

DVD ni habari nyingine. Ni sahani mbili za milimita 0.6 zilizogundishwa, data iko katikati, kwa hiyo biro haiifikii upesi. Lakini stika inaipinda. Diski husomwa kutoka ndani kwenda nje, na ikipinda, ukingo ndio unaoyumba zaidi. Ndiyo maana harusi zote nilizorudishiwa ziliganda mwishoni, wakati wa kukata keki! Niliwarudia watu kazi bure, na mpaka leo inaniuma. Stika sishauri kwa mtu yeyote wa pwani.

Masasi

Mimi nilikuwa na kompyuta yenye LightScribe, ile teknolojia ya kampuni ya HP iliyoanza mwaka 2004, ya kuchora jina juu ya diski. Unachoma data, kisha unaigeuza diski kifudifudi, mwanga ule ule wa leza uliochoma data unachora jina upande wa pili. Hakuna wino wala gundi. Ila lazima uwe na diski zake maalumu, rangi ni moja, na picha kamili inachukua karibu nusu saa. Umeme ukikatika umeharibikiwa. Nilizoacha kwenye rafu inayopigwa na jua zimefifia. Za kabatini zinasomeka.

Lindi mjini

Steshenari yetu tulikuwa tunachapa kwa printa yenye trei ya diski, juu ya CD zenye uso mweupe. Kwa kazi ya mteja sijaona nzuri kuizidi. Acha ikauke siku nzima kabla ya kuiweka kwenye kava, maana wino wake ni wa maji, ukiishika na jasho la mchana wa Lindi jina linakuwa tope.

Nachingwea

Wanangu, mimi ni mwalimu mstaafu, nina rekodi za kwaya zaidi ya 60. Natumia makapeni ya wino wa maji, yenye ncha laini, siikandamizi. Yenye harufu kali ya spiriti naiogopa kwa ajili ya ile vanishi. Juu naandika neno moja na mwaka. Namba naiandika kwenye duara la plastiki tupu linalozunguka tundu, pale hakuna data. Maelezo yote yako daftarini.

Mwanzo niliandika namba peke yake. Daftari likaliwa na mchwa, nikakaa wiki mbili nasikiliza diski moja moja nijue ipi ni Pasaka na ipi ni msiba.

Mikindani

Shikamoo mwalimu. Hiyo ya duara la katikati nimeichukua, na neno moja juu. Daftari nitakuwa nalo mawili, moja kwa dada.

Newala

Mkuu, ile ya bibi usiitupe. Palipotoboka hapaponi, lakini kabla yake na baada yake pazima. Tafuta programu ya kunakili inayoruka sehemu mbovu, uiache ifanye kazi usiku kucha. Jaribu na kompyuta tofauti, maana zinatofautiana kusoma.

Mikindani

Nimerudi, wakuu. Kompyuta ya tatu imekubali. Mwanzo wa hadithi upo, na mwisho upo, anacheka kabisa. Kilichopotea ni pale sungura anaposhuka kisimani. Jumamosi naenda Nanguruwe kwa mama mkubwa, yeye aliisikia kabla yetu sote. Nitamrekodi anisimulie kipande hicho, kisha nakichoma kwenye diski namba 2, ikae kava moja na ya bibi.