ICON A5: tatizo ni ndege au ni rubani?

ZiwaLaKaskazini: Wakuu, habari za jioni. Niko Minnesota, nina leseni ya ndege ndogo za michezo, na kuna jamaa anauza ICON A5 yake. Ni ile ya viti viwili, inatua ardhini na majini, mbawa zinakunjwa unaikokota na gari mpaka nyumbani. Injini ni Rotax ya nguvu farasi 100, propela inasukuma kutoka nyuma. Najua kampuni iliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2024. Nauliza muundo wenyewe tu. Wengine wanaisifu kwamba haianguki kwa kujizungusha hata mbawa zikiacha kuibeba, wengine wanasema ni jeneza. Marubani mnasemaje?

KapteniMstaafu: Nimebeba abiria miaka 31. Hiyo ndege ni nzuri kwa macho. Piga hesabu ya uzito uone. Tupu ina kama kilo 490, kikomo cha kuruka nayo ni 686. Zinabaki 196. Jaza tangi, kilo 54 zimekwenda. Wewe na mwenzako mnagawana 140 na mizigo yenu. Na kumbuka kikomo cha Marekani kwa ndege za maji za daraja hilo kilikuwa kilo 650. FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, iliwapa msamaha 2013 kwa sababu ya hizo mbawa zao zisizojizungusha. Ndege imeombewa msamaha kabla hata mteja wa kwanza hajaipata! Halafu mnamkabidhi mtu mwenye leseni ya saa 20 za mafunzo. Kwangu hiyo si leseni, ni kibali cha trekta.

MamaRotax: Shikamoo Kapteni. Trekta? Nilianza kujifunza nikiwa na miaka 52, baada ya zamu za usiku hospitalini. Saa 20 ni za chini kisheria. Mwalimu wangu aliniruhusu kwenda mtihani nikiwa na saa 61, na sikumlaumu. Ukinitoa kwenye orodha ya marubani unitoe kwa kosa nililofanya, si kwa jina la leseni.

KapteniMstaafu: Marahaba mwanangu. Sikukutaja wewe.

MamaRotax: Umetutaja wote.

Bawa_Moja: Kapteni, hapo umeteleza. Ajali zilizoipa A5 jina baya hazikufanywa na watu wa saa 20. Ile ya Ziwa Berryessa, California, kwenye usukani alikuwa mhandisi mkuu wa kampuni yenyewe, mtu aliyeijua kila skrubu. Aliingia bonde akidhani ni lingine, kuta zikapanda kuliko ndege ilivyoweza kupanda. Na yule mchezaji wa besiboli, Halladay, Florida, 2018 nadhani, alikuwa na saa mia saba hivi.

KapteniMstaafu: Novemba 2017. Berryessa ni Mei mwaka huohuo. Kama tunabishana juu ya marehemu tuwe na tarehe sahihi.

Bawa_Moja: Sawa, 2017. Hoja yangu hujaijibu.

KapteniMstaafu: Hoja ipi? Wote wawili walikuwa chini mno. Mbawa zisizojizungusha hazikusaidii ukiwa mita chache juu ya maji.

FundiHanga: Na hiyo ndiyo kasoro ya jinsi inavyouzwa. Matangazo yote yanaonyesha ndege inakata kona juu ya mawimbi, kijana anacheka. Mtu akiinunua, atafanya alichokiona.

MamaRotax: Pale mbele ya rubani wameweka geji kubwa ya pembe ya bawa, inakuonyesha umebakiza nini kabla bawa halijaacha kubeba. Ndege nyingi za kufundishia hazina. Ninyi wa ndege kubwa kompyuta inawarukia, mnaweza kukaa saa nane bila kugusa usukani wa miguu, halafu mnatuita wa trekta.

KapteniMstaafu: Binti, nimetua na ndege ya abiria ya Fokker upepo ukipiga ubavuni, wewe bado unavaa sare ya shule. Usiniambie habari za miguu.

NahodhaMwanza: Samahani wakubwa, mimi ni wa boti, si wa ndege. Naona mnaongelea saa na leseni, hakuna anayeongelea maji. Asubuhi ziwa likiwa shwari kabisa, hata sisi tulio juu yake hatujui mstari wa maji uko wapi. Mtu anayeshuka kutoka juu anaonaje?

Bawa_Moja: Haoni, nahodha. Maji yakiwa kioo macho yanakudanganya kabisa. Unafuata ukingo upate kitu cha kulinganisha, unaacha injini ivute kidogo, unashuka polepole kwa kipimo kilekile mpaka yakuguse. Ukijaribu kukisia, unayapiga kwa pua.

FundiHanga: Na magurudumu. Ukisahau kuyapandisha ukatua majini, ndege inapinduka kichwa chini. Hilo linaua kwenye kila ndege ya aina hii, A5 au nyingine.

MamaRotax: Mimi nasema kwa sauti kila mara, hata nikiwa peke yangu: "Natua majini, magurudumu juu." Mwalimu alinikatalia kutua mara ya kwanza niliponyamaza.

KapteniMstaafu: Mwalimu huyo ni mzuri. Alikuwa wa wapi?

MamaRotax: Maine. Alirusha ndege za maji miaka mingi. Na leseni yangu ya trekta ameisaini yeye.

KapteniMstaafu: Neno trekta nimelifuta. Saa 20 bado nasema ni chache kwa kazi ya maji.

MamaRotax: Kwa maji nakubaliana nawe. Mimi niliongeza.

ZiwaLaKaskazini: Jamani, nimekaa na kikokotoo. Mimi kilo 88, mke wangu 71. Hizo ni 159, na Kapteni anasema tuna 140.

FundiHanga: Tangi nusu. Unarudishiwa kilo 27.

ZiwaLaKaskazini: Basi nabakiwa na 8.

MamaRotax: Nanga na kamba zina kilo ngapi? Makoti ya kuokolea je?

ZiwaLaKaskazini: Sijapima. Napima kesho.

KapteniMstaafu: Pima na viatu.